Natolewa damu mwaka hadi mwaka, kumbe mlango wa kizazi haujawahi kuangaliwa

Nyar_Kondele (Kisumu)

Dada zangu na mama zangu, nimekaa na jambo hili wiki mbili nikijiuliza kama niliandike au niliache. Nimeona niliandike. Pale soko la Kibuye ninapouza omena tuko wengi tunaomeza dawa za virusi vya ukimwi, na nikimuuliza mmoja mmoja naona tulipotea njia mahali pamoja.

Nilijua hali yangu mwaka 2009 nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Tangu hapo sijakosa kliniki. Mvua inyeshe, biashara iwe mbaya, nitakopa nauli niende. Virusi vyangu havionekani kwenye kipimo, huu mwaka wa sita. Napimwa uzito, naulizwa kama nakohoa, natolewa damu zamu ikifika, nachukua dawa, narudi sokoni. Moyoni nilikuwa najiambia kuwa mimi nimepimwa kuliko majirani zangu wote. Kama kuna kitu kibaya mwilini, ile damu ingeshasema.

Mwezi wa pili mwaka huu shemeji yangu, mke wa kaka yangu, alianza kutoka damu kila akishakutana na mumewe. Naye anameza dawa, naye hakosi kliniki. Akanyamaza. Ilipozidi, watu wa nyumbani wakasema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko wa boma, akaletewa manyasi, dawa ya mitishamba, akanywa. Harufu ilipoanza na mguu mmoja ukavimba ndipo tukampeleka hospitali, na huko tukaambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi na imeshasambaa. Tulimzika mwezi wa nane. Alikuwa na miaka 38.

Siku moja nilipokuwa nikimlisha uji aliniuliza, "Wamenitoa damu miaka yote hii, kwani hawakuiona?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa naamini vile vile alivyoamini.

Baada ya matanga nilienda kliniki nikamuuliza sista swali lile lile. Alinivuta kiti. Akanieleza kuwa damu tunayotolewa inatafuta virusi vya ukimwi, na mlango wa kizazi hauonekani kwenye damu hata uchukue lita. Lazima mtu auangalie kwa macho, au kijiti kiuguse kichukue majimaji yake yakapimwe. Akasema, "Mama, ukipima macho huwezi kujua meno yako yakoje." Miaka 16 ya kliniki, na hapo ndipo nilipoelewa.

Nikamwambia niangalie leo leo. Nilipanda kitanda, akaingiza kile kifaa cha plastiki chenye umbo la mdomo wa bata, akapaka siki kwa pamba. Siki hasa, harufu ni ile ile ya vibanda vya chipsi. Inawasha kidogo. Akangoja dakika moja hivi, akamulika kwa taa, kisha akasema, "Mama, hapa ni positivu."

Mimi positivu naijua tangu 2009. Nikajibu "ndiyo sista" nikaanza kutafuta nguo zangu. Ni yeye aliyenishika mkono akaona sijaelewa. Akachukua kalamu akachora duara nyuma ya kadi yangu, katikati kitundu, pembeni akatia vidoa viwili. Akasema, "Huu ndio mlango wa kizazi chako. Hivi vidoa vimegeuka vyeupe siki ilipogusa. Hii si saratani. Ni ngozi iliyoanza kuharibika, na tukiiacha miaka kadhaa inaweza kuwa saratani. Tukiichoma leo inaisha hapo."

Alinichoma siku hiyo hiyo kwa kimashine cha mkononi ambacho ncha yake hupashwa moto. Haikufika dakika mbili. Maumivu yalikuwa kama tumbo la hedhi. Nikateremka kitandani, nikapanda boda, nikarudi kuanua omena kabla ya mvua.

Ile kadi iko mbele yangu ninapoandika. Shemeji hakuchorewa hata duara. Nawauliza wenzangu mnaomeza dawa: nani kati yenu ameangaliwa mlango wa kizazi? Sisemi damu. Mlango wa kizazi.

Mama_Kaptembwo (Nakuru)

Pole sana dada kwa shemeji yako. Mungu amlaze pema.

Mimi niliangaliwa, na bado nusura nipotelee kwenye maneno. Kituo kimoja hapa Nakuru walinipa kijiti chenye brashi nikajichukulia mwenyewe chooni. Hilo halikuwa na shida, nilipenda hata, maana hakuna mtu aliyenifunua. Baada ya wiki kadhaa nikapigiwa simu na kijana aliyekuwa na haraka: "Mama, majibu yako ya HPV yametoka, ni positivu, ufike kliniki." Nikamwambia asante, nikakata.

Nilisikia HIV. Nilijua wamekosea faili na kunipigia kuniambia kitu ambacho wao wenyewe wananipa dawa zake. Hata nilimwambia dada yangu, "Hawa watu wamechoka, wananipa habari ya zamani." Sikwenda. Mwaka mmoja na miezi mitano. Ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu aliyepita na orodha ya watu ambao hawakurudi, akaketi kwenye ngazi yangu akaniuliza kwa nini. Nilipomwambia, akashika kichwa.

Nilitibiwa, niko salama. Lakini huo mwaka mmoja na miezi mitano naufikiria usiku. Herufi moja tu katikati.

Sista_Zamu (Kakamega)

Nimesoma hapa nikiwa zamu ya usiku na imebidi nitoke nje kidogo. Mimi ni muuguzi, miaka 14, mingi nimeitumia kwenye kliniki za VVU. Mama Kaptembwo, nakuomba msamaha kwa niaba ya kazi yetu. Ile simu nimeshaipiga mimi pia, kwa haraka ile ile, na watu hamsini kwenye benchi.

Nitenganishe hivi viwili kwa maneno ya kawaida. HIV ni kirusi cha ukimwi. HPV ni kirusi kingine kabisa, hakina uhusiano wa damu na HIV, ila hupitia mlango mmoja, yaani kujamiiana. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho. Aina zake ni nyingi, na mbili kati ya hizo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kwa wanawake wengi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila hata mtu kujua kilikuja.

Sasa sisi tunaoishi na VVU (nasema sisi kwa makusudi). Kinga iliyopunguzwa haikifukuzi kirahisi. Kinakaa, kinachimba. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hii mara sita ya mwenzake asiye na VVU. Na muda nao unafupika: kwa mwenye kinga nzuri, kutoka HPV hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu asiyetibiwa inaweza kuwa 5 hadi 10. Ndiyo maana kumeza dawa vizuri kunasaidia hata hapa, lakini dawa peke yake haikuangalii mlango wa kizazi. Nyar_Kondele amelisema vizuri kuliko mabango yote tuliyobandika ukutani.

Tangu 2021 shirika hilo linashauri mwenye VVU aanze kupimwa akifika miaka 25, wakati wengine huanza 30. Ikiwa ni kipimo cha HPV na hakikuonyesha kitu, unarudi baada ya miaka mitatu hadi mitano. Kwa kipimo cha siki tunakuita mapema zaidi, kwa hiyo fuata tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako. Ukishachomwa, rudi baada ya miezi 12 uangaliwe tena, hata kama hujisikii chochote.

Kuhusu neno "positivu", mimi nililiacha baada ya mama mmoja kulia mbele yangu akidhani nimemwambia anakufa. Siku hizi nasema, "Kuna mahali pamegeuka peupe, panataka kuchomwa." Halafu namuuliza, "Ukifika nyumbani dada yako akikuuliza umeambiwa nini, utamjibu vipi?" Akinijibu sawa, anaenda. Akinijibu "nimeambiwa nina saratani", nakaa naanza upya. Dakika tatu. Najua foleni ilivyo, lakini dakika hizo tatu sitaziachilia tena.

Mkulima_Ahero

Mimi ni mzee, mnisikilize kidogo. Msidharau chira. Kuna mambo ya boma ambayo hospitali haiyajui, na wazee wetu hawakuwa wajinga.

Lakini nina binti, ameolewa Awasi, anameza dawa. Anakataa kabisa kwenda kuangaliwa kwa sababu aliambiwa sokoni kuwa ukipanda kile kitanda wanang'oa kizazi na hutazaa tena. Ana mtoto mmoja tu. Nimwambie nini?

Sista_Zamu (Kakamega)

Baba, shikamoo. Juu ya chira sitagombana nawe, boma lako unalijua wewe. Naomba kitu kimoja: damu ikitoka wakati usio wake, yaani baada ya kukutana na mume, katikati ya mwezi, au kwa mama aliyekwisha koma hedhi, iangaliwe hospitali kwanza, mambo mengine yafuate. Wengi tunaowapokea wakiwa wamechelewa walipitia miezi ya manyasi, na ile miezi ndiyo iliyokuwa ya kuwaokoa.

Juu ya binti yako: kuangaliwa hakung'oi chochote. Hata kuchomwa kunagusa ngozi ya juu ya mlango tu, kizazi kiko ndani zaidi na kinabaki kilivyo. Wanawake wanachomwa na wanazaa baadaye. Kinachomaliza kizazi ni saratani yenyewe ikiachwa, kwa sababu ikifika mbali matibabu ni upasuaji mkubwa au mionzi. Mwambie hivyo, baba, na umwambie wewe mwenyewe. Neno la baba litafika mahali ambapo langu halifiki.

Mkulima_Ahero

Marahaba. Nitampigia kesho asubuhi.

Binti_wa_Rhonda (Nakuru)

Shikamooni. Mimi nina miaka 23, nilizaliwa na virusi. Naandika kwa mara ya kwanza mahali popote. Chanjo ya HPV ilipoanza hapa Kenya mwaka 2019 ilikuwa ya wasichana wa miaka 10, mimi nilikuwa nimeshapita, niko kidato. Mdogo wangu alichanjwa shuleni, mimi nikabaki namtazama. Je, nimechelewa? Na kile kifaa kinauma? Sijazaa.

Mama_Kaptembwo (Nakuru)

Mwanangu, karibu. Hujakosea kuandika. Mimi sisemi ya chanjo, nitamwachia sista. Ya kifaa nitakwambia: kinachouma ni kujikaza. Mimi nilipokaza mapaja nilihisi, nilipovuta pumzi nikailegeza miguu, nilihisi baridi tu na kusukumwa kidogo. Mwambie anayekuangalia kuwa hujazaa na ni mara yako ya kwanza, kuna vya ukubwa mdogo. Na una haki ya kusema "ngoja kidogo". Sikujua kuwa naweza kusema hivyo hadi nilipokuwa na miaka 44.

Sista_Zamu (Kakamega)

Binti, chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajaanza kujamiiana, ndiyo maana inatolewa kwa watoto. Haitibu HPV iliyokwisha kuingia. Kwa umri wako bado inaweza kukufaa, zungumza na kliniki yako kama utaipata na kwa gharama gani, maana ya serikali inalenga watoto. Jambo moja ambalo wazazi wenye mabinti wanaomeza dawa walishike: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja kwa wasichana wengi, lakini kwa mwenye VVU likasema angalau mbili, na tatu ikiwezekana. Mtoto asirudi nyumbani na dozi moja eti amemaliza kwa sababu wenzake darasani wamemaliza. Mwambieni anayechanja hali ya mtoto, kwa faragha.

Kupimwa, kama umeshawahi kujamiiana, uliza kliniki yako siku utakayochukua dawa. Usingoje kuitwa.

Baba_Mapacha (Busia)

Niwe mkweli kwa sababu hapa hakuna anayenijua. Mke wangu alichomwa mwaka jana. Akarudi akaniambia tusikutane mwezi mzima, na maji yalikuwa yanamtoka. Mimi nikaona ana mtu. Tuligombana vibaya hadi akaenda kwao siku tisa. Karatasi aliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, hakuielewa vizuri, mimi sikuisoma.

Nasoma hapa leo ndio naona nilimkosea. Swali: mimi nipimwe nini? Na tunatumia mpira, je, HPV ilipitia wapi?

Sista_Zamu (Kakamega)

Ndugu, asante kwa kusema. Yale maji ni kidonda kinapona, huchukua wiki kama nne, na katika muda huo kukutana ni kukifungua kidonda. Mke wako alifanya kama alivyoelekezwa.

Mpira unapunguza HPV lakini hauizuii yote kwa sababu inapita kwa ngozi na ngozi, hata pale mpira usipofunika. Endeleeni nao. Tohara pia inapunguza. Mwanaume hana kipimo cha HPV cha kawaida kama chetu, na mara nyingi haina dalili kwake. Na inaweza kuwa mwilini miaka mingi kabla haijaonekana, kwa hiyo haikuambii nani alitoka nje ya ndoa, wala lini. Hilo nalisema kwa kila mume anayesoma. Cha kufanya kwako ni kumsindikiza tarehe yake ya kurudi ikifika. Keti naye kwenye benchi.

Baba_Mapacha (Busia)

Ni mwezi wa kumi na moja. Nimeiweka kwenye simu.

Mjukuu_wa_Siaya

Shosho wangu ana miaka 61, anameza dawa. Kituo cha karibu kilimwambia yeye hafai tena kipimo cha siki. Wanamfukuza kwa sababu ya uzee?

Sista_Zamu (Kakamega)

Hapana, hapo walisema kweli, ila hawakumalizia. Hedhi ikikoma, ile sehemu tunayotaka kuiona huingia ndani, siki inatupotosha. Aulize kipimo cha HPV cha kijiti au cha pap, kile ambacho chembe za mlango wa kizazi huchukuliwa zikatazamwe kwa darubini. Na kama ana damu yoyote inayomtoka, hata tone, aende wiki hii.

Kile cha kijiti ndicho ningependa kifike kila kijiji. Kule Migori watafiti walikipeleka kwenye kambi za vijijini, wanawake wakajichukulia wenyewe, na waliojitokeza huko walikuwa wengi kuliko waliongojwa kliniki. Na kipimo cha siki ndani ya kliniki ya VVU si kigeni Kisumu, kilianza 2007. Kwa hiyo si kwamba haijulikani namna ya kufanya. Inajulikana miaka mingi.

Nyar_Kondele (Kisumu)

Nimesoma yote nikiwa na kadi yangu mkononi. Mzee wa Ahero, Mungu akubariki kwa kupiga simu. Na wewe binti wa Rhonda, ulivyoandika hapa ni kazi kubwa kuliko kupanda kile kitanda.

Kuna jambo moja sijalisema. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, kliniki yetu imebadilika. Tumechanganywa na wagonjwa wengine wote kwenye foleni moja. Yule mama mshauri aliyekuwa akitukumbusha, ambaye mwenyewe anaishi na virusi na alikuwa anajua majina ya watoto wetu, hayupo tena, mkataba ulikatwa. Sasa daktari aliye mbele yako huenda hajui hata kuwa ulipaswa kuangaliwa. Zamani ungeweza kukaa ukakumbushwa. Sasa usipouliza, hakuna anayeuliza. Shemeji yangu alikuwa mtu wa kungoja aambiwe, na ndivyo tulivyolelewa wengi wetu, daktari haulizwi.

Kwa hiyo nimekata vipande vya karatasi. Kila kimoja nimeandika, kwa mkono wangu: "Nataka kuangaliwa mlango wa kizazi. Mara ya mwisho ilikuwa ____." Wale wanaoona haya kulitamka wanampa tu sista karatasi. Kwenye chama chetu cha Kibuye tuko 19, waliokwisha kuangaliwa ni watatu pamoja na mimi. Saba wamekubali kwenda nami. Wengine wanasema wataona tukirudi.

Sista_Zamu (Kakamega)

Waambie wasiende wakiwa kwenye hedhi, na wasijioshe kwa ndani asubuhi hiyo. Sabuni na ndimu vinatuharibia kuona. Na kila mmoja asitoke chumbani kabla hajaweza kukwambia kwa maneno yake ameambiwa nini.

Auma_wa_Nyalenda (Kisumu)

Dada, mimi si wa chama chenu, nauza mboga Nyalenda. Nilianza dawa 2014, sijawahi kuangaliwa hata mara moja. Naweza kuja nanyi? Naogopa kwenda peke yangu.

Nyar_Kondele (Kisumu)

Njoo. Ni Jumanne. Saa moja na nusu asubuhi tunakutana steji ya Kondele, upande wa matatu zinazotoka mjini. Nitakuwa na leso ya kijani na chupa kubwa ya chai. Kuja na kadi yako ya kliniki na nauli ya kurudi tu, ya kwenda tumeshachanga. Nitakuwekea karatasi yako.